Mwamba peke yake hautukingi

Huku Mombasa ukitaja tsunami utaambiwa tulia bwana, mwamba wa matumbawe upo baharini, kwani ile ya 2004 ilitufanya nini? Sawa, mwamba huvunja mawimbi. Lakini una milango, meli zingeingiaje Kilindini? Na siku ile, 26 Desemba, tetemeko lilipiga huko Sumatra mbali mno, mawimbi yakatufikia mchana maji yashakupwa, hiyo ndio bahati yenyewe, maana bamvua la hapa, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwandamo, hupanda karibu mita 4, hebu fikiria yangekuta bahari imejaa na watu wamejazana ufuo wa Pirates na watoto na maboya yao. Hata hivyo Kenya alikufa mtu mmoja. Kaunti ikipima hatari isiulize tu ishawahi kutuumiza, iulize pia maji yakijaa nani yuko pale chini.