Mazoezi uzeeni baada ya upasuaji wa valvu ya moyo

Mzee aliyetoka kupasuliwa moyo anapoketi mbele yangu kwa mara ya kwanza, huwa haulizi ataanza lini mazoezi. Huuliza kama anaruhusiwa kabisa. Moyoni mwake anaiona valvu mpya, yaani kilango kinachoruhusu damu ipite moyoni upande mmoja tu, kama kitu dhaifu kilichoshikizwa kwa uzi mmoja, ambacho akiharakisha hatua kitachomoka. Katika kazi yangu ya mazoezi tiba hapa Dar es Salaam nimezoea kuanza na hofu hiyo kabla ya kugusa jambo lingine lolote, kwa sababu isipoondoka hakuna ratiba itakayofuatwa nyumbani.

Valvu hushonwa kwa mishono mingi kuzunguka mahali pake, na imetengenezwa ifunguke na kufunga kiasi cha mara 100,000 kwa siku, usiku na mchana, mtu akiwa amelala au anatembea. Matembezi ya asubuhi hayaichoshi. Kinachomwekea mgonjwa mipaka ni mfupa wa kidari uliokatwa ili daktari aufikie moyo, dawa ya kuzuia damu isigande na, zaidi ya yote, miguu iliyokwisha kudhoofika kabla hata ya siku ya upasuaji.

Hili la miguu halizungumzwi vya kutosha. Valvu ya aota, iliyo kwenye mlango wa mshipa mkuu utokao moyoni, inayokakamaa uzeeni kwa kujaa chokaa hujibana polepole kwa miaka, na mtu hupunguza mwendo wake bila kujua: kwanza anaacha ngazi, kisha anamtuma mjukuu dukani, mwishowe hata jirani hamtembelei, akisema ni uzee tu. Hali huwa hiyo hiyo kwa wale ambao homa ya baridi yabisi ya utotoni iliwaachia kovu kwenye valvu ya mitrali, iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo. Siku moyo unapotengenezwa, misuli ya mapaja imekwisha kusinyaa, na siku za kulala wodini huiongezea udhaifu. Ndiyo maana mzee akihema baada ya hatua chache wiki ya tatu hudhani valvu imeharibika, ilhali mara nyingi ni miguu na upungufu wa damu uliofuatia upasuaji. Kama kuhema kunazidi badala ya kupungua, hapo daktari anapaswa kuupima moyo upya.

Kidari hufungwa kwa nyaya za chuma cha pua, na mfupa huhitaji wiki 6 hadi 8 kuunga na takriban wiki 12 kuwa imara. Katika kipindi hicho tunawakataza wagonjwa kunyanyua zaidi ya kilo 4 au 5, na kuvuta au kusukuma kwa nguvu kwa mkono mmoja. Kwa maisha yetu maana yake ni kwamba ndoo ya lita 20, ambayo ni kilo 20 kamili, haiguswi, wala jembe, wala mchi. Kukuna nazi kungoje. Kusimama ndani ya daladala ukining'inia kwenye bomba kungoje pia, kwa sababu dereva akifunga breki ghafla ni kifua kinachovutwa. Kitandani mtu ageuke ubavu kwanza, ashushe miguu, ndipo ajiinue. Akitaka kukohoa aukumbatie mto kifuani.

Sijda ina mzigo wake, kwa kuwa uzito wa mwili huelemea viganja wakati wa kwenda chini na wa kuinuka. Sheria inamruhusu mgonjwa kuswali akiwa ameketi kitini, lakini wazee wengi huona vigumu kuikubali ruhusa hiyo. Niliwahi kumwomba kijana mmoja amlete imamu wa msikiti wao azungumze na baba yake, na maneno ya imamu yalifanya kazi kuliko yangu yote. Choo cha kuchuchumaa nacho kitafutiwe kiti chenye tundu kwa wiki za mwanzo, na mgonjwa ale vizuri ili asilazimike kujikamua.

Waliowekewa valvu kupitia mshipa wa paja hawakukatwa mfupa, hivyo makatazo yao huwa ya siku chache tu, hadi kidonda cha nyonga kipone. Lakini wengi wao ndio wazee zaidi, na miguu yao ndiyo inayohitaji kazi kubwa.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Wiki ya kwanza nyumbani mtu atembee dakika 5 mahali tambarare, mara tatu au nne kwa siku, aongeze dakika moja au mbili kila baada ya siku kadhaa. Wengi hufikia nusu saa mfululizo mwishoni mwa wiki ya sita. Atembee alfajiri au jua likishapoa, kwa kuwa joto la Dar es Salaam likikutana na dawa za kupunguza maji mwilini huteremsha presha na kuleta kizunguzungu. Kupima kasi kwa kuhesabu mapigo sikupendekezi, kwani bisoprololi na dawa za aina yake huyazuia mapigo yasipande, na baada ya upasuaji huu mapigo ya wengi huenda bila mpangilio kwa muda. Ipo ngazi ya kupima jitihada iliyotungwa na Gunnar Borg wa Uswidi, inayoanzia 6 hadi 20, na kwa kawaida hulengwa 11 hadi 13; mimi nimeiacha, maana sijawahi kumweleza mzee kwa nini hesabu inaanzia sita nikaeleweka. Ninasema tu: uweze kuzungumza sentensi nzima bila kukatwa na pumzi, lakini usiweze kuimba.

Pamoja na kutembea, ninalolipenda zaidi ni zoezi la kuinuka kitini mikono ikiwa imepishana kifuani, bila kujisukuma. Mara 5 asubuhi na mara 5 jioni, kisha 10. Uzito mwepesi wa mikono husubiri mfupa uunge, na hata hapo mtu atoe pumzi anaponyanyua, asiizuie.

Mwenye valvu ya chuma hunywa warfarini, ile dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yake yote, na kipimo chake cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, kwa kawaida hulengwa kati ya 2 na 3 kwa valvu ya aota, na juu kidogo kwa ya mitrali. Akianguka na kugonga kichwa aende hospitali hata kama hana jeraha. Ninaogopa zaidi duka la dawa la mtaani: miguu ikiuma baada ya matembezi, mzee hununua diklofenaki, na dawa hiyo ikikutana na warfarini inaweza kumtoa damu tumboni. Kuchuliwa kwa nguvu na kuchomwa sindano ya msuli nako kuepukwe.

Nyumbani kikwazo mara nyingi ni mapenzi. Mama mmoja nilimkuta wiki ya nne bado akilishwa kitandani, mabinti zake wakisema ameteseka vya kutosha, aachwe apumzike. Sikubishana nao. Niliwagawia zamu za kutembea naye, mmoja asubuhi na mmoja jioni, na mjukuu akawa mwandishi wa dakika kwenye daftari. Baada ya wiki mbili mama mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwaamsha.

Mazoezi yasimamishwe mara moja kukiwa na maumivu ya kifua, kuzimia, mapigo yanayokwenda mbio ghafla, kidari kinachotoa mlio wa kubofya, au uzito ulioongezeka kilo 2 kwa siku mbili tatu huku miguu ikivimba. Uso ukipinda au mkono ukilegea, aendeshwe hospitali papo hapo. Homa nayo, ambayo kwetu hupewa jina la malaria kabla ya kupimwa, kwa mwenye valvu ya kupandikizwa inaweza kuwa maambukizi ya valvu yenyewe. Asinunue antibayotiki mwenyewe, bali aende kituoni, aseme tangu mapokezi kwamba ana valvu, na damu ichukuliwe kuoteshwa maabara kutafuta vijidudu kabla hajameza kidonge cha kwanza.