Mshahara wa laki nne na mkopo wa nyumba Uganda

Swali ninaloulizwa kuliko yote hapa Arua ni hili: "Napata laki nne kwa mwezi. Benki itanipa mkopo wa nyumba?" Jibu langu ni kwamba inaweza kukukopesha, lakini fedha utakazopata hazitanunua nyumba. Kazi yangu ni kupitia maombi ya mikopo ya aina hii, na inaniuma kuona watu wakizungushwa ofisi hadi ofisi bila mtu wa kukaa nao akawapigia hesabu.

Benki nyingi zinataka rejesho la mwezi lisizidi 40% ya kinachobaki mkononi baada ya makato. Kwa laki nne, hiyo ni 160,000. Tuchukue riba ya 16% kwa mwaka, ambayo si ngeni kwa mikopo ya nyumba ya shilingi hapa Uganda. Ukilipa 160,000 kila mwezi kwa miaka 15, unabeba mkopo wa karibu milioni 10.9. Hapo wengi huniambia, "Basi waniongezee miaka." Wakikuongezea hadi 20, mkopo unafika milioni 11.5. Yaani unalipa miaka mitano zaidi ili upate laki sita tu! Riba ikiwa juu namna hii, marejesho ya miaka ya mwanzo karibu yote yanaliwa na riba, na deni lenyewe halisogei. Kwa hiyo mtu wa kipato kidogo asikubali kushawishiwa na muda mrefu. Na kumbuka benki haitoi bei yote ya nyumba: mara nyingi asilimia 20 hadi 30 unatoa mwenyewe, ukiongeza gharama za mthamini, bima, na ushuru wa stempu ambao ni 0.5% ya mkopo unaowekewa rehani.

Vipi fedha za serikali? Pensheni ya mtumishi wa umma au askari mstaafu inahesabika kama kipato, tena benki huipenda kwa sababu inaingia kila mwezi. Tatizo lake ni umri, maana muda wa mkopo unakatwa na bima inapanda. Shilingi 25,000 ambazo serikali huwapa wazee kila mwezi hazibebi mkopo wa nyumba, na mtu akikuambia zinabeba, muulize anapata nini katika jambo hilo. Milioni moja ya mpango wa serikali wa maendeleo ya parokia (Parish Development Model; parokia hapa ni ngazi ya utawala, si ya kanisa) ni mkopo wa uzalishaji wa riba ya 6%. Nawaomba sana wazazi wetu wasiigeuze mabati. Bati halizai, na deni linabaki palepale.

Kwa asiye na mshahara, shida mara nyingi si udogo wa kipato. Kipato kipo, ila hakionekani. Mama mmoja anayeuza mitumba aliniletea stetimenti ya namba yake ya simu. Mauzo yalikuwa mazuri kweli. Lakini pesa iliingia jioni, na asubuhi saa tatu ilikuwa imeshakwenda kwa muuza jumla, pamoja na ada ya mtoto, pamoja na shemeji aliyeomba nauli. Salio la kila usiku lilikuwa elfu tatu, elfu moja na mia tano, sifuri. Ofisa wa mikopo akisoma karatasi ile anaona mtu asiyebakiza kitu, ingawa mama huyu anaweka akiba kwenye kikundi chao kila wiki. Nilimshauri atenge namba ya biashara peke yake, akiba ya kikundi aipitishe kwenye ushirika wa akiba na mikopo uliosajiliwa, siku ileile ya wiki, kiasi kilekile. Baada ya mwaka, karatasi zake zitamsemea. Askari jeshi wana ushirika wao wa Wazalendo na polisi wana wa Exodus. Wengine tafuteni ushirika wa kazini au sokoni kwenu. Na ile mikopo midogo ya simu iliyosahaulika, ilipeni kabla ya kuomba chochote, kwa sababu inaonekana kwenye taarifa zako za mikopo hata kama ni elfu ishirini.

Sasa ardhi, na hapa ndipo maombi mengi yanapofia. Katiba ya 1995 inatambua aina nne za umiliki: mailo (umiliki wa kudumu wenye hati, hasa Buganda), umiliki huru, ukodishaji na umiliki wa kimila. Anayekaa kibanja, yaani kipande anachokikalia na kukitumia juu ya mailo ya mtu mwingine, ana haki zake, lakini sheria inataka mwenye ardhi akubali kwa maandishi kabla ya kibanja kuwekwa dhamana, na benki kubwa nyingi hazikigusi kabisa. Huku kwetu West Nile, eneo ilipo Arua, ardhi nyingi ni ya kimila. Wengi hawajui kwamba Sheria ya Ardhi ya 1998 inaruhusu kupata cheti cha umiliki wa kimila kupitia kamati ya ardhi ya eneo na bodi ya ardhi ya wilaya, na sheria hiyohiyo inasema taasisi za fedha zikitambue cheti hicho. Benki nyingine bado zinakikwepa. Nadhani zinakosea, na tunapaswa kulisema hilo waziwazi. Ulizeni benki na vyama vyenu kabla ya kulipa gharama zozote za maombi, kisha mkapate cheti ukoo ukiwa umekaa na kukubaliana mipaka. Ndugu zetu wasio raia wa Uganda wajue kwamba wao wanaweza kupata ukodishaji tu, usiozidi miaka 99.

Kwa mwenye laki nne, ushauri wangu ni kujenga kwa hatua. Kopa milioni 3 kwa miaka miwili, msingi na kuta zikamilike, lipa, pumzika, kisha kopa za bati. Hapo uliza swali moja: riba inahesabiwa kwenye deni linalopungua au kwenye mkopo wote tangu mwanzo? Kwa milioni 3 na riba ya 24%, ya kupungua utalipa kama 158,600 kwa mwezi. Ya flati, yaani inayohesabiwa kwenye mkopo wote tangu mwanzo, utalipa 185,000. Asilimia ni ileile kwenye tangazo, lakini mwisho wa miaka miwili umetoa zaidi ya laki sita za ziada.

Kama mnaishi kwenye nyumba inayowekwa rehani, mke au mume lazima akubali kwa maandishi, akielewa anachosaini. Msimpelekee karatasi jikoni asaini haraka. Na mambo yakiharibika, Sheria ya Rehani ya 2009 inampa mkopaji notisi ya siku 45 za kazi kurekebisha deni, kisha notisi ya siku 21 za kazi kabla ya mauzo. Ukifika mahakamani kusimamisha mnada, mahakama inaweza kukutaka uweke kwanza 30% ya deni lililobaki au ya thamani ya nyumba ikiuzwa kwa haraka. Kwa hiyo nenda benki mwezi ule wa kwanza unaposhindwa, ukiwa na barua mkononi na rejesho dogo unaloliweza, uombe wakupangie upya.