Rasiberi na blakiberi nyumbani: kata shina lililozaa, acha jipya

Swali tunaloletewa sana ofisini kwetu ugani ni hili, mtu anafungua simu anakuonyesha picha, "mtaalamu, rasiberi yangu mwaka juzi ilizaa vizuri, mwaka huu majani matupu, nimekosea wapi?" Ukienda bustanini unakuta kapogoa kama anachuma chai, kapitisha panga juu, mashina yote saizi moja. Basi matunda ya msimu mzima ameyakata mwenyewe.

Iko hivi ndugu zangu. Rasiberi na blakiberi ni vichaka vya matunda madogo laini, ya rasiberi mekundu, ya blakiberi meusi. Mizizi yake inaishi miaka mingi ila shina moja moja linaishi kama miaka miwili tu, mwaka wa kwanza linarefuka, wa pili linazaa, likishazaa linakufa. Kwa hiyo ukimaliza kuchuma kata yale yaliyozaa, chini kabisa usawa wa udongo, halafu mapya yaache. Utayajuaje? La zamani lina rangi ya kahawia, gome linabanduka, ukilikunja linakatika kwa mlio. Jipya limetoka chini ardhini, bado bichi, linapinda. Ila kuna aina kama Heritage ambazo shina jipya linazaa nchani mwaka huohuo, hizo unaweza kuzikata zote chini baada ya mavuno, kwa hiyo unaponunua miche muulize muuzaji ni ipi.

Rasiberi inapenda baridi. Lushoto, Njombe, Limuru, Kinangop, huko sawa. Aliyeko Dar au Mombasa namwambia ukweli, asimwage hela yake huko.

Kinachoiua haraka ni maji kusimama, mizizi inaoza. Kama udongo wako mzito inua tuta sentimita 20 au 30, changanya samadi iliyooza, tandaza majani makavu maana mizizi yake iko juujuu na jembe linaikata. Na usipande palipokuwa na nyanya, viazi, hoho wala bilinganya miaka mitatu minne iliyopita, kuna ugonjwa wa mnyauko unabaki kwenye udongo unahamia huku. Rasiberi ziachie nusu mita mche na mche, blakiberi mita moja au zaidi, vuta waya mbili kwenye nguzo uzifunge.

Miche mingine utaipata bure. Rasiberi inachipua yenyewe pembeni, hadi njiani, ng'oa uhamishe. Blakiberi unainamisha ncha ya shina uifukie kidogo, itatoa mizizi. Ila masalia usitupe pembezoni mwa msitu tafadhali, jamii hii inasambaa vibaya sana.

Kuvuna, rasiberi iliyoiva ukiivuta kidogo tu inachomoka na kuacha kikonyo cheupe mtini, inabaki na shimo katikati. Ikikataa iache. Blakiberi inatoka na kiini chake, nayo usidanganyike na weusi, subiri ule mng'ao upungue ndo inakuwa tamu. Chuma asubuhi umande ukishakauka, weka kwenye chombo kipana zisirundikane, na usizioshe mpaka muda wa kula, zikilala na maji kesho unakuta ukungu.