Manyoya, Manyoya, Manyoya!

Jamani, tuelewane. Msimu wa maonyesho ya vuli umekaribia hapa California na ombi limeshaingia, lile lile la kila mwaka: tunasherehekea utamaduni wa wenyeji asilia wa Meksiko, fundi tushonee maleba ya Kiazteki, yale ya vilemba vya manyoya ya Waazteki, watawala wa sehemu kubwa ya Meksiko kabla ya Wahispania. Nikasoma ratiba. Kuna ngoma ya Michoacán, kipande cha Oaxaca, nyimbo za Veracruz, yote majimbo ya Meksiko. Mwazteki simwoni. Nilipouliza nikajibiwa, "Kwani si wote ni Waazteki?"

Si wote. Serikali ya Meksiko yenyewe inatambua makundi 68 ya lugha za wenyeji. Kuwavisha wote manyoya ni sawa na kuandaa usiku wa Tanzania, kisha Mhaya, Mmakonde na Mpemba wote ukawafunga lubega na kuwapa mikuki.

Chukua hiyo ngoma ya Michoacán, ngoma ya wazee. Ni ya Wapurépecha. Mchezaji huvaa barakoa ya uso wa kikongwe, kofia yenye riboni, mkongojo mkononi na viatu vya soli ya mbao. Anaingia amepinda mgongo, anakohoa, anatetemeka, halafu ghafla miguu inapiga sakafu kwa kasi ambayo kijana haiwezi. Unyoya uko wapi hapo? Tena hawa ndio waliolichakaza jeshi la Waazteki miaka ya 1470, wala hawakutawaliwa nao kamwe. Wewe unataka niwavishe sare ya adui waliyemfukuza!

Oaxaca ndiko kunakoniudhi zaidi. Mwaka 1458 Waazteki waliiteka Coixtlahuaca, mji wa Wamixteki, na watu wakaanza kulipa kodi. Leo wachumaji wengi wa stroberi huko Oxnard na Watsonville, hapa hapa California, ni Wamixteki, na baadhi yao hata Kihispania si lugha yao ya nyumbani. Wanakuja na watoto wao kutazama "utamaduni wetu", taa zinawaka, na anayesimama jukwaani kuwawakilisha mababu zao ni mtoza kodi.

Sasa hapa lazima niseme kinachonisumbua mwenyewe. Huko huko Oaxaca, Wazapoteki wana Danza de la Pluma, ngoma ya manyoya, na mhusika wake mkuu ni Moctezuma, mfalme wa Waazteki, akipambana na Cortés, mvamizi wa Kihispania. Kilemba chake ni duara kubwa la manyoya, na anayekivaa ni Mzapoteki. Yaani wao wenyewe wamejichagulia Mwazteki! Huwa najitetea kwamba wao wanajua wanaigiza nani na kwa nini, ilhali aliyeniandikia hajui. Lakini utetezi huo nautoa kwa sauti ya chini.

Na danza azteca yenyewe, ngoma ya Kiazteki, ile ya vifua wazi, vilemba virefu na njuga za kokwa miguuni? Mizizi yake iko kwa wacheza danza waitwao concheros, waumini wanaowachezea watakatifu wa Kikatoliki huku wakipiga magitaa ya gamba la armadilo. Mavazi yale mnayoyaona California kwa sehemu kubwa yalibuniwa karne ya 20, na ngoma ilivuka kuja Marekani miaka ya 1970 pamoja na walimu kama Florencio Yescas. Manyoya marefu ya kwenye vilemba vingi ni ya fesanti, ndege wa Asia. Sisemi ni feki. Wacheza danza wanaiita sala, na mimi nawaamini. Ndiyo maana usimwambie kiongozi wao afupishe iwe dakika nne kwa sababu ya mtu wa taa. Ila kwenye karatasi ya programu msiandike "ngoma ya kale isiyobadilika". Itafutwe sentensi nyingine.

Halafu, mkisema wenyeji asilia, mnasahau mliposimama. El Teatro Campesino, kikundi cha maigizo cha hapa California, huigiza michezo yao ya Krismasi ndani ya kanisa la misheni ya San Juan Bautista, iliyoanzishwa mwaka 1797 kwenye ardhi ya Wamutsun, wenyeji asilia wa hapa, na wazao wao bado wapo. Kuna aliyewahi kuniagiza vazi la Kimutsun? Hakuna. Na akiniagiza nitamwambia aanze kwa kuwauliza wenyewe kama wanataka kuigizwa.

Kwa hiyo kabla ya kunitumia vipimo, nitumie jina la kijiji, sikukuu inayochezwa na nani anacheza. Bajeti ikiwa haitoshi, sawa, tutaandika vibao vya maboksi. Mwaka 1965, kwenye mgomo wa wachuma zabibu kule Delano, Luis Valdez, mwanzilishi wa Teatro Campesino, na wenzake waliwaning'inizia waigizaji vibao shingoni: huyu mgomaji, huyu bosi. Walicheza juu ya malori na kila mtu alielewa. Kalamu ya wino mzito ninayo.