Telekonveta: kikopo kinachovuta ndege na kunywa mwanga

Telekonveta ni kipande kifupi chenye vioo ndani, kikubwa kama kikopo cha mafuta ya mgando, kinachokaa kati ya kamera na lenzi. Upande mmoja kinashika kamera, upande wa pili kinabeba lenzi. Kazi yake ni moja tu: kuikuza picha ambayo lenzi imekwisha kuitengeneza, kabla haijaifikia kamera. Ya 1.4, yaani inayokuza mara 1.4, inaigeuza lenzi ya milimita 200 kuwa ya 280. Ya 2 inaifanya 400. Zimewahi kutoka na za 1.7, ila hizo huzioni sana. Nikon na Sony wanaiita telekonveta, Canon wanaiita ekstenda, na sisi wapiga picha tukiwa wenyewe tunasema konveta, basi.

Vioo vyake vinafanya kinyume cha kile kioo cha kukusanyia jua tulichokuwa tukichomea karatasi utotoni. Kile kinaikunja miale ikutane karibu. Hivi vinaitanua kidogo, ikakutane mbali zaidi, na picha inayotokea huko inakuwa kubwa. (Zile lenzi za kubana mbele ya simu ni mambo mengine, tusizichanganye.) Umbali wa karibu kabisa ambao lenzi inaweza kufokasi haubadiliki: kama ilikuwa inakubali kitu kilichoko mita moja na nusu, itaendelea kukubali pale pale, na sasa kitu hicho kimekuwa kikubwa. Kwa kaa wa ufukweni ni raha tupu. Lakini ndege aliye hewani ana hesabu yake nyingine.

Hesabu yenyewe ni ya tui. Nazi moja inakupa kasimile kikombe kimoja. Unaweza kuongeza maji yakawa vikombe viwili, na mchuzi ukaenea sufuria kubwa, lakini nazi ni ile ile moja, na ulimi utakuambia. Mwanga ulioingia mbele ya lenzi ndiyo nazi yako. Konveta haiongezi nazi. Inautandaza mwanga ule ule juu ya eneo kubwa zaidi, halafu kamera inachota kipande cha katikati.

Mimi chakula changu kinatoka kwenye harusi, kwa lenzi ya 70-200 yenye f/2.8, ndege ni mapenzi ya Jumapili. Ichukue lenzi hiyo hiyo. Namba ya f ni urefu wa lenzi (zile milimita inazoitwa nazo, si urefu wa mwili wake) ukigawanya kwa upana wa tundu linalopitisha mwanga. Kwenye 200, tundu langu lina upana wa milimita 71 hivi, na 200 kwa 71 ndiyo 2.8. Nikitia konveta ya 2, urefu unakuwa 400, tundu linabaki na milimita zake 71, na 400 kwa 71 ni 5.6. Hakuna aliyelifunga tundu, lenzi ndiyo imerefuka. Kwa hiyo konveta ya 1.4 inakula stopu moja, yaani nusu ya mwanga, na ya 2 inakula stopu mbili, unabakiwa na robo. Mwenye lenzi ambayo ikirefushwa mpaka mwisho inakuwa f/6.3, kama zile 150-600 wanazozipenda wapiga picha wa wanyama, akiweka ya 1.4 anajikuta f/9. Akiweka ya 2 anakaribia f/13, na hapo ni bora akae anywe madafu.

Niliwahi kumwonyesha mzee mmoja pale Bagamoyo, karibu na soko la samaki. Alikuwa chini ya mvinje akitengeneza wavu, akaniona nikikivisha kikopo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hicho kidude nacho cha nini?"

Nikampa kamera achungulie mashua zilizotia nanga, kwanza bila konveta, kisha nikaweka ya 2. Akachungulia, akatoa jicho, akapangusa kitundu cha kuchungulia kwa ncha ya kanzu, akarudisha jicho.

"Mashua imesogea, kweli," akasema. "Lakini mbona umeniletea kiza?"

Hakuwa amesikia habari za stopu wala f. Kamera yangu ile ilikuwa ya zamani, yenye kioo cha kupindua ndani, na ukichungulia unaona mwanga wenyewe uliopita kwenye lenzi. Kamera za sasa zisizo na kioo hicho zinakuonyesha kiskrini kinachojiongezea mwanga chenyewe, kwa hiyo kiza hukioni. Kipo. Utakikuta nyumbani ukifungua picha kwenye kompyuta: ISO, yaani kiasi ambacho kamera inaukuza mwanga ilioupata, imepanda, na mgongo wa ndege umejaa chenga kama televisheni ya antena mbovu.

Kwa ndege aliyetulia juu ya mkoko, deni hilo linalipika. Unapunguza kasi ya shata, lile pazia la kamera linalofunguka na kufunga, unaegemeza kamera, unasubiri. Ndege arukaye anakutoza mara mbili. Ili mabawa yatoke makali unahitaji shata ya sehemu ya 2000 ya sekunde, au zaidi. Konveta imekwisha kula mwanga uliohitajika kwa kasi hiyo. Juu ya hayo, ikimkuza ndege mara mbili inakuza na mwendo wake mara mbili: kila mtikisiko wa mkono wako na kila pigo la bawa linachora mstari mrefu zaidi ndani ya picha. Yaani inakunyang'anya mwanga na wakati huo huo inadai shata ya kasi zaidi. Watu wengi wanaosema konveta yao "haina makali" wanalaumu kioo, na kilichowaangusha ni shata.

Halafu kuna dirisha. Kwenye kamera ya kihisi kikubwa (kihisi ni kile kipande kinachopokea picha ndani ya kamera), kile cha milimita 36 kwa upana, lenzi ya 200 ikiangalia mita 30 mbele inaona upana wa mita 5.4. Kwa 280 dirisha linakuwa mita 3.9 hivi, kwa 400 linakuwa mita 2.7. Mwewe akinyoosha mabawa anakaribia mita moja na nusu. Akipita mbele yako kwa mwendo wa mita 10 kwa sekunde, dirisha la mita 2.7 analivuka kwa robo sekunde. Utaona anga, utaona nusu ya mkia, utaona anga tena. Ndiyo sababu mwenye zumu, lenzi inayorefuka na kufupika, anatakiwa amtafute ndege zumu ikiwa imerudishwa nyuma kabisa, amkamate, kisha arefushe huku anamfuata. Mwenye lenzi ya urefu mmoja hana njia hiyo. Afumbue macho yote mawili, moja kwenye kamera, la pili nje.

Kufokasi nako kunachelewa. Kamera nyingi za kioo cha kupindua zinafokasi zenyewe mpaka f/5.6 tu. Baadhi zinafika f/8, mara nyingi kwa nukta ya katikati peke yake. Ukizidisha hapo, lenzi inaenda mbele, inarudi nyuma, na ndege kashafika Zanzibar. Zisizo na kioo zinavumilia namba kubwa kuliko hizo. Lakini hata pale kamera inapokubali, Canon kwa lenzi zao za EF, zile za kamera za kioo cha kupindua, hupunguza mwendo wa mota kwa makusudi ili usahihi usipotee: konveta ya 1.4 inabakisha nusu ya mwendo, ya 2 inabakisha robo. Robo hiyo mbele ya mbayuwayu ni kichekesho.

Basi nani anapigika? Yangeyange anaruka taratibu, njia yake imenyooka, na weupe wake kamera inauona haraka. Kwake konveta ya 1.4 ni halali kabisa. Mwewe anayezunguka juu ya soko akiyatazama matumbo ya samaki ni halali pia, maana anarudia duara lile lile na mzunguko wa tatu unajua atapita wapi. Buabua hana adabu ya njia: anakwenda kulia, anajitupa majini, anatokea kushoto, na mimi kwake hutoa konveta nikabaki na dirisha pana. Ya 2 nimeipatia kazi kwa ndege mmoja tu arukaye, yule mdiria wa madoa meusi na meupe. Anasimama hewani pahali pamoja juu ya maji, mabawa yanapiga, kichwa kimetulia kama kimefungwa kwa kamba, anatafuta samaki. Anakupa sekunde kadhaa za kufokasi. Kwenye mabwawa ya chumvi upande wa Nunge, kaskazini ya mji, ukikaa chini ukatulia anaweza kukurudia mara nyingi hata ukachoka wewe. Mazoezi, lakini, fanya kwa kunguru. Hawa walioletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 wamejaa pwani nzima, hawaogopi mtu, na ndege mweusi juu ya anga jeupe ni mtihani mgumu. Ukimweza kunguru, yangeyange ni sadaka.

Mwanga wa Bagamoyo una tabia zake, na konveta inazitia chumvi zote. Pwani yetu inatazama mashariki. Asubuhi jua linatoka baharini, kwa hiyo ukisimama mchangani ukalenga majini linakupiga usoni, na ndege wote wanatoka vivuli. Wageni wanaamka saa kumi na moja alfajiri kwa sababu wamesoma kwamba asubuhi ndiyo saa ya ndege, wanarudi hotelini na picha za vivuli. Kuanzia saa kumi jioni jua liko mgongoni mwako, linamwangaza ndege ubavuni mpaka jichoni.

Mchana je? Saa sita jua kali linatosha kabisa, kwa f/5.6 na ISO 400 unapata shata ya sehemu ya 3200 bila taabu, hata ukiwa na konveta ya 2. Ila saa sita mchanga umepata moto na hewa juu yake inacheza, kama unavyoiona lami ikitetemeka kwa mbali. Hewa hiyo ndiyo inayoondoa makali, na konveta inaikuza pamoja na ndege. Hakuna vioo vya bei yoyote vinavyorekebisha hewa. Dawa ni kumsogelea ndege, na njia rahisi ya kumsogelea ni kungoja maji yamlete.

Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji kwetu hujaa karibu saa kumi au kumi na moja, alfajiri na jioni. Ya jioni ndiyo yako. Ndege waliosambaa kwenye tope mbali wakati wa maji kupwa wanasukumwa na maji hatua kwa hatua mpaka ukingoni, na jua liko nyuma yako. Siku hiyo lenzi ya 200 na konveta ya 1.4 inafanya kazi ambayo siku za maji mafu, saa nne asubuhi, 600 haiwezi. Tazama na upepo. Ndege anainuka akiukabili. Kusi ikivuma nawe umetazama bahari, wataondoka kuelekea kulia kwako. Kaskazi ikiwa imeingia, kushoto. Anayepanda upepo anakwenda polepole, na lile dirisha lako dogo ghafla linamtosha.

Kitu kingine usichoambiwa dukani: kila ukivaa au kuvua konveta unafungua kamera. Mimi niliwahi kubadilisha pale pale mchangani, kusi inavuma, nikijiona fundi. Kwa f/2.8 sikuona kitu. Jumamosi iliyofuata, picha ya ukoo mzima wa bwana harusi, nje, f/11, na juu ya vichwa vyao anga lina madoa meusi saba. Niliyafuta moja moja kwenye kila picha mpaka saa nane usiku. Sasa naivaa nyumbani, au ndani ya bajaji vitambaa vimeshushwa. Wenye uwezo hawana shida hii: Canon walitoa lenzi ya 200-400 yenye konveta ya 1.4 humo humo ndani mwaka 2013, na Nikon mwaka 2022 wakatoa ya 400 na ya 600 za namna hiyo. Unasukuma kitasa kwa kidole, umemaliza. Bei zake ni za kiwanja.

Kuna njia ya bure nayo, kuikata picha kwenye kompyuta. Kamera ya megapikseli 24, ukikata kufikia ukubwa ule wa konveta ya 1.4 unabaki na 12. Kufikia ule wa 2, unabaki na 6. Skrini ya video ya kawaida, ile ya 1920 kwa 1080, ni megapikseli mbili tu. Kama picha yako mwisho wake ni kwenye simu za watu, piga bila konveta, shata ipae, dirisha liwe pana, kata baadaye. Konveta nainunulia picha ya kuchapisha na kutundika ukutani, na hapo nachukua ya 1.4. Ya 2 kwa ndege arukaye sikushauri, labda uwe na mdiria wako.

Ukinunua iliyotumika, nenda na lenzi yako mwenyewe. Nyingi zina kioo kilichochomoza mbele ambacho kinaingia ndani ya sehemu ya nyuma ya lenzi. Lenzi isiyo na nafasi huko itagongana nacho, kwa hiyo usilazimishe ukisikia imegoma. Imulike kwa tochi ya simu kutoka upande wa pili: nyuzi nyeupe kama utando wa buibui ni ukungu, nao kwa unyevu wa pwani hii haukawii. Kisha angalia vile vidoti vya kupitishia umeme kati ya lenzi na kamera. Kama vina kijani, irudishe mezani, hata bei iwe tamu vipi.