Bamba la kitasa na kishikio: ni nini, na linachaguliwaje

Tazama mlango wa mbao uliotumika miaka mingi. Pale mkono unaposhika, vanishi imekwisha na mbao imeingia weusi wa jasho na mafuta ya vidole. Kando ya tundu la ufunguo kuna mikwaruzo ya watu waliolitafuta gizani. Kabati nalo huwa hivyo hivyo: nyuma ya kishikio kuna alama za kucha, mahali vidole vinapopita kila droo inapovutwa. Bamba lilibuniwa kwa ajili ya sehemu hiyo ndogo ya mbao.

Bamba, au pleti kama wasemavyo mafundi wengi, ni kipande chembamba kinacholala kati ya kishikio na uso wa mlango, droo au kabati. Mara nyingi ni cha metali, ingawa yapo ya kauri, ya glasi na hata ya mbao ngumu. Kazi zake ni tatu: kukinga mbao, kuficha tundu lililotobolewa, na kupamba. Watu wengi huanza na ile ya tatu, ndiyo maana mabamba mazuri hununuliwa kisha yakabaki ndani ya boksi. Mimi nashauri uanze na mbao yenyewe, yaani kile kilichopo nyuma ya bamba, na urembo uje baadaye.

Jina hili moja linabeba vitu kadhaa. Kuna bamba refu la mlango, lenye mkono wa kitasa juu na tundu la ufunguo chini. Kuna bamba dogo la duara au la mraba linalozunguka shina la mkono pekee, na hapo tundu la ufunguo hupewa kibamba chake, pengine chenye kifuniko kinachoning'inia. Jina la Kiingereza la kibamba hicho, escutcheon, lina asili yake katika neno la Kilatini scutum, yaani ngao, na kwa kweli ndivyo kinavyofanya kazi. Kisha kuna mabamba ya kabati: yenye tundu moja kwa kishikio cha kirungu, au yenye matundu mawili kwa kishikio kirefu.

Sasa vipimo, na hapa usiwe na haraka. Kwa bamba refu la mlango, kipimo kinachoamua kila kitu ni umbali kati ya kitovu cha shina la mkono na kitovu cha tundu la ufunguo. Vitasa vingi vya kuchimbia, yaani vinavyozamishwa ndani ya ukingo wa mlango, vya mtindo wa Uingereza vina milimita 57, na vya milango ya ndani ya mtindo wa Ujerumani vina 72. Bamba la 57 halikai kwenye kitasa cha 72, na hakuna ujanja wa kulikalisha. Hata tofauti ya milimita mbili tatu hufanya ufunguo ugome au mkono ukwame bila kurudi mahali pake. Mitindo ipo mingi, kwa hiyo usibahatishe kwa macho. Fungua bamba la zamani, pima kitasa chenyewe, andika.

Milango ya mtindo wa Marekani huwa na tundu kubwa la mviringo, kwa kawaida la milimita 54, ambamo kitasa chote huingia. Bamba dogo la mkono wa kizamani likiwekwa hapo linaweza kutumbukia, au skrubu zake zikakosa mbao ya kushika. Bamba lifunike tundu lote na skrubu ziangukie mbao nzima, mbali kidogo na ukingo wa tundu.

Kwa kabati, pima kutoka kitovu cha skrubu hadi kitovu cha skrubu ya pili. Vishikio vingi vya mfumo wa metriki hufuata mafungu ya 32: 96, 128, 160. Vile vinavyopimwa kwa inchi mara nyingi huwa na inchi 3, ambazo ni milimita 76. Bamba lenye matundu mawili lazima lilingane na kishikio chako, na vyote viwili vilingane na matundu yaliyopo mlangoni, isipokuwa kama uko tayari kutoboa upya.

Lakini mara nyingi bamba hutafutwa kwa sababu matundu hayalingani. Mtu amechoka na vishikio virefu, anataka virungu. Akiving'oa anabaki na matundu mawili na katikati hakuna kitu. Bamba refu lenye tundu moja katikati hufunika yale mawili na kukupa kitovu kipya, bila puti na bila kupaka rangi mlango mzima. Nalipenda suluhisho hili kuliko kuziba na kupaka, kwa sababu kiraka cha rangi juu ya vanishi ya zamani hakifichiki. Kuna kitu kimoja husahaulika: kishikio cha zamani huacha pia kivuli, ule mviringo ambao rangi yake haikupigwa na mwanga wala kufutwa kwa miaka. Pima kivuli, siyo matundu tu, kisha ongeza milimita chache kila upande.

Unene wa bamba nao una madhara yake. Ukiongeza bamba la milimita 3 chini ya kirungu kilichokuwa kimekaza vizuri, skrubu ya zamani inaweza kuwa fupi na kushika nyuzi mbili tu. Itafika siku kirungu kibaki mkononi. Milango mingi ya kabati ina unene wa milimita 18 hadi 19. Jumlisha na unene wa bamba, kisha ongeza urefu utakaoingia ndani ya kishikio, ndipo ununue skrubu.

Tuje kwenye metali. Brasi ni shaba iliyochanganywa na zinki. Bronzi ya asili ni shaba na bati. Zote mbili hubadilika rangi zikiachwa wazi: hukolea, huwa za kahawia, na pale mkono unapogusa kila siku hubaki ziking'aa. Wengine huona ni uchafu. Mimi naona ndio uzuri wa bamba la brasi tupu, kwamba linaandika mahali ambapo watu wameshika. Usiyependa hivyo, nunua lililopakwa laka, ila ujue laka ikipasuka doa huingia chini yake, na kulisafisha ni kutoa laka yote. Kuna faida nyingine ya shaba isiyopakwa kitu: huua bakteria juu ya uso wake. Mwaka 2008 shirika la serikali ya Marekani linalosimamia mazingira liliruhusu aloi kadhaa za shaba zisajiliwe kwa sifa hiyo. Chini ya laka faida hiyo haipo.

Mabamba mengi ya bei nafuu yanayong'aa kama brasi siyo brasi. Mengine ni chuma kilichochovywa kupata mipako ya rangi ya brasi, na sumaku itakuambia mara moja kwa kukinata. Mengine ni aloi ya zinki, ambayo sumaku haiinati, kwa hiyo jaribio la sumaku peke yake halitoshi. Geuza bamba, kwaruza kidogo ukingo wa tundu kwa upande wa nyuma: ukiona njano ni brasi, ukiona kijivu cheupe ni zinki. Zinki iliyochovywa vizuri inafaa kabatini chumbani. Kwa mlango wa mbele unaopigwa na mvua, au bafuni penye mvuke kila siku, sitaipendekeza, kwani mipako ikitoboka uso hutoka malengelenge.

Karibu na bahari chumvi hula kila kitu. Chuma cha pua cha daraja la 316, chenye molibdeni ndani yake, huistahimili chumvi kuliko kile cha kawaida cha 304. Na kama mlango ni wa mwaloni, epuka chuma kitupu pamoja na skrubu zake: tanini iliyomo kwenye mbao hiyo ikikutana na chuma na unyevu huacha madoa meusi kama wino, tena huingia ndani ya mbao.

Kuhusu umbo sina mengi. Katika karne ya 18 Uingereza, enzi za fundi samani Thomas Chippendale, droo zilivaa mabamba ya brasi yenye kingo za mawimbi, mengine yakiwa yametobolewa nakshi. Mwishoni mwa karne ya 19 milango ya Marekani ilipata mabamba ya bronzi ya kumimina, yamejaa majani na maua. Miaka ya 1920 na 1930 ikapendelea mistari iliyonyooka na ngazi ngazi. Samani yenye umri wake hupendeza ikipewa bamba la wakati wake, na mlango bapa wa kisasa hubeba vizuri bamba la kingo safi. Zaidi ya hapo angalia uwiano: kirungu kiache ukingo wa bamba uonekane pande zote, la sivyo bamba huonekana kama kitako cha kirungu. Kwenye mlango wenye fremu na paneli, bamba lilale lote juu ya sehemu bapa ya fremu. Likipanda kwenye nakshi ya ukingo hubaki limeinuka upande mmoja, na uchafu huingia chini.

Milango ya kuzuia moto ni jambo tofauti. Hujaribiwa pamoja na vifaa vyake, kwa hiyo usitoboe wala kubadilisha chochote pale bila kuuliza anayehusika na jengo.

Wakati wa kufunga, skrubu za brasi zisilazimishwe. Ni laini na vichwa hukatika. Toboa tundu dogo kwanza, pitisha skrubu ya chuma ya saizi ileile ili ichonge njia, itoe, kisha ingiza ya brasi ikiwa imepakwa nta kidogo.

Na kabla hujagusa drili, kata karatasi ngumu kwa umbo na saizi ya bamba unalolitaka, ibandike kwa utepe wa karatasi wenye gundi chini ya kishikio cha sasa, uiache wiki moja. Watu wa nyumbani wafungue na kufunga kama kawaida. Mwisho wa wiki tazama karatasi imechafuka wapi. Kama alama za vidole zimevuka ukingo na kufika kwenye mbao, bamba hilo ni dogo; panda saizi moja, au chagua lililo refu zaidi kuelekea upande ambao mikono inatokea.