Ikiwaka haimaanishi umepatia: maneno tunayodanganyana kuhusu taiming belti

Naanza na hili kwa sababu lilinipiga mimi mwenyewe: "gari ikiwaka tu ujue umefunga taiming belti sawa." Huo ni ule mkanda wa meno unaounganisha krenki (shafti ya chini inayozungushwa na pistoni) na kemshafti (shafti ya juu inayofungua vali), ziende kwa wakati mmoja. Wapi! Corolla 110 yangu yenye injini ya 5A niliifunga mkanda mpya nyumbani siku nzima, nikapiga starta ikawaka palepale, nikashangilia mpaka jirani akachungulia. Kesho yake kwenye mwinuko gari nzito kama imebeba mchanga, mafuta inakunywa balaa, nikabadilisha plagi, nikasafisha kabureta ambayo hata haina (acha tu, nilikuwa namsikiliza kila mtu), kumbe kemshafti iko nje jino moja.

Ilivyotokea ni hivi. Alama zote nilizipanga vizuri, ila upande ule usio na tensheni (puli inayokaza mkanda) niliacha mkanda umelegea kidogo, sasa nilipoachia springi ya tensheni ikavuta ule ulegevu wote na kemshafti ikazunguka nao. Huoni kwa macho ukiwa umeinama na tochi mdomoni. Dawa yake: toa plagi zote ili injini izunguke laini, weka spana ya boksi namba 19 kwenye bolti ya krenki, zungusha kwa mkono kufuata mshale wa saa raundi mbili kamili taratibu, halafu angalia upya. Mbili kwa sababu krenki ikizunguka mara mbili kemshafti inazunguka mara moja. Alama ya puli ya krenki irudi kwenye 0 ya kwenye kava na kile kitundu cha puli ya kemshafti kikae sawa na alama ya kwenye kepu inayoshikilia kemshafti. Ukisikia imegoma njiani usilazimishe, na wala usimalizie na starta.

Halafu kuna wanaopanga krenki kwenye 0 wakadhani wamemaliza. Krenki inapita kwenye 0 mara mbili kabla kemshafti haijamaliza raundi moja, kwa hiyo usipoangalia juu unaweza kuwa umekosea nusu nzima. Kabla hujatoa mkanda wa zamani, kitundu cha juu hakionekani? Zungusha krenki raundi moja zaidi.

"Mkanda utapiga kelele kabla haujakatika." Kelele ya kulia asubuhi mara nyingi ni ya feni belti, ule mkanda wa nje usio na meno kama haya. Taiming belti ina meno, haitelezi ikalia, inakatika kimyakimya ukiwa barabarani.

"Ukikatika injini imekufa." Inategemea injini gani bana. 5A na 4A-FE vali hazigongani na pistoni, gari inazima tu, unavutwa, unafunga mkanda mpya, maisha yanaendelea. Ila injini za dizeli za Toyota kama 1KZ, 5L au 1HZ usicheze, kule pistoni inapanda karibu kabisa na hedi, mkanda ukikatika vali zinapinda. Kama gari yako ni ya kundi hili na ndo mara yako ya kwanza kushika spana, mimi ningesema kajifunzie kwenye ya petroli kama 5A kwanza.

"Taa ya T-BELT haijawaka, nina muda." Ile taa ya dashibodi ya kukumbusha kubadilisha mkanda, ya kwenye Prado na Surf za dizeli, haiuoni mkanda hata kidogo, inahesabu kilometa tu, na mtu anaweza kuizima bila kugusa mkanda. Mpira pia unazeeka kwa miaka hata gari ikilala, na oili ikivuja kutoka sili ya krenki au kemshafti inaula haraka, ndo maana ukishafungua badilisha na sili kabisa, ni hela ndogo.

"Wota pampu lazima iende pamoja." Kwa injini ya Toyota 3S na Subaru za injini ya EJ ndiyo, pampu inazungushwa na mkanda huohuo. Kwa 5A inazungushwa na feni belti, kama haivuji iache.

"Kaza mpaka uwe kama waya." Ukikaza hivyo utasikia mluzi, halafu beringi ya tensheni inakufa mapema. Kwenye 5A acha springi ivute yenyewe, we kaza bolti tu.

Na mwenye Vitz au IST ya 1NZ anayeulizia bei ya mkanda, rudisha spana kwenye boksi, hiyo ina cheni. Nayo sio ya milele, ukichelewesha oili inarefuka na utaisikia ikikwaruza ukiwasha asubuhi.